Gari Lisilojua Kiu

Ngamia wa mwisho wa ukoo wa Erupe waligeuka gari siku ya Jumanne. Hapakuwa na uchawi. Lori lilifika Lorugum, likawapakia wamefungwa magoti, wakilalamika kama wazee waliokatizwa usingizi, likaondoka na vumbi lake. Baadaye gari likafika Lodwar kutoka Mombasa: jeupe, refu, lenye viti vya kutosha familia nzima na wakwe wawili watatu, na kimya ajabu. Mbuzi wa Lodwar hawaipishi hata Land Cruiser inayopiga honi. Hili lisilo na sauti walilisogelea wakajikunia mbavu.

Erupe alikuwa dereva wa shirika la misaada kule Kakuma kwa miaka mingi, mpaka pesa za ng'ambo zilipokatwa na madereva wakaagwa kwa kofia mpya na cheti cha shukrani. Cheti hakipikwi. Alirudi kwake Kanamkemer, hapo Lodwar, akawa anashinda na simu akitazama video za magari, kama mtu mwenye njaa anavyonusa jiko la jirani. Humo ndimo alimokutana na gari la aina hiyo, haibridi ya kuchomeka. Mtu mmoja aliyevaa shati safi, amesimama kwenye barabara safi, aliapa kwamba lita moja ya petroli inalipeleka kilomita hamsini. Maishani mwake Erupe alikuwa amedanganywa na watu wengi, lakini wote walikuwa na mashati machafu. Huyu alimwamini.

Ngamia hawakuwa wake. Walikuwa wa shangazi yake Nabei wa Lorugum, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Ukame ulikuwa umekula ng'ombe wote, ukala mbuzi karibu wote, ukafika kwa ngamia ukashindwa kuwatafuna. Basi Erupe akaenda Lorugum kuumalizia ukame kazi yake, ingawa yeye aliona anakwenda kuokoa ukoo.

Aliwaeleza wazee na shangazi kwa lugha ya mifugo, maana ndiyo lugha inayoeleweka pale. Gari hili, alisema, lina matumbo mawili. Tumbo moja la petroli, kama gari lolote. La pili ni la stima: unalichomeka ukutani kwa waya, kama simu, linanyonya mpaka linashiba. Likishiba stima halina haja ya kugusa petroli. Na mashirika yaliyobaki hayana tena pesa za kunywesha magari makubwa, yanatafuta gari lisilo na kiu. Mwenye gari kama hilo atapata kazi ya mwaka mzima, na mwaka ukiisha ngamia watarudi na ndama wao.

Shangazi Nabei alisikiliza huku akisokota kamba. Alikuwa na swali moja tu.

"Linakaa muda gani bila kunywa?"

"Kuliko ngamia, Shangazi."

Akasema sawa, na mambo yakaisha hapo. Mtu akikuambia kitu kinastahimili kuliko ngamia, na huyo mtu ni mtoto wa ndugu yako, utabishana naye ukitumia nini?

Ukweli ulikuja polepole, kama wageni wanaojua huna chakula. Erupe aligundua kwamba tumbo la stima likijaa linafikisha gari karibu nusu ya njia ya Kakuma, halafu linakauka. Likikauka, petroli inaanza kazi, na kazi hiyo ni pamoja na kubeba betri tupu yenye uzito wa ndama dume aliyekataa kutembea. Hapo gari linakunywa kama lingine lolote, na upepo ukiwa mbaya linakunywa zaidi. Mtu wa shati safi hakuwa amesema uongo. Alikuwa amesema tu ukweli wa barabara ya kwao, ambako kila baada ya hatua chache kuna mahali pa kuchaji. Siri ya gari hili ilikuwa moja: linakula kidogo hapa kwa sababu limekula kwingine. Na Turkana hakuna kwingine. Penye miti hapana wajenzi, na penye jua la kuchoma nyayo kama Lodwar, stima huja ikipenda na kuondoka bila kuaga.

Hata hivyo kazi ilipatikana, au tuseme mlango wake uliachwa wazi kidogo. Shirika dogo la afya ya akina mama lilitaka gari la kuwapeleka wauguzi Kakuma na kuwarudisha kila wiki. Walibaki washindani wawili: Erupe na haibridi yake, na Ekuru, kijana mcheshi mwenye Probox kuukuu ambayo milango yake ilifungwa kwa waya lakini mafuta inakunywa kwa kulamba. Shirika likaamua wajaribiwe. Tenki lijazwe mpaka shingoni kwenye pampu ya Lodwar, gari liende Kakuma na kurudi, kisha lijazwe tena pampu ileile. Atakayejazwa kidogo ndiye mwenye kazi. Msimamizi wa jaribio alikuwa Bwana Ochola, afisa wa usafiri, mtu wa Kisumu, mnene na mwenye haki, aliyekuwa na tabia ya kujifuta jasho kabla halijatoka.

Erupe aliuliza kama anaruhusiwa kuchaji njiani. Ochola akafikiri, akasema chaji hata kwa kiberiti, sisi tunapima petroli tu.

Jibu hilo lilimfanya Erupe alale usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu ngamia waondoke. Maana alikuwa na rafiki Kakuma. Biar, mkimbizi wa Sudan Kusini, alikuwa na duka kambini kwenye laini ya stima ya jua, na miaka mingi nyuma Erupe ndiye aliyemtoa mpakani Nadapal, na homa yake, na godoro lake. Walipiga simu wakapanga. Laini ile haikuweza kubeba friji za mtaa na gari kwa pamoja, kwa hiyo Biar alipita duka kwa duka akiomba. Mke wake Abang akakubali kuzima friji ya juisi. Fundi cherehani akakubali kushona kwa mguu. Kinyozi, jamaa mmoja mrefu aliyeitwa Dau, alikubali lakini akataka ijulikane kwamba siku hiyo ni siku ya wateja.

Kwa hesabu hiyo gari lingekwenda nusu ya njia kwa stima ya Lodwar na kurudi nusu ya njia kwa jua la Kakuma. Probox ya Ekuru ilikuwa imeshapimwa siku iliyotangulia. Erupe alijua pa kuishinda, na nafasi ilikuwepo.

Shangazi Nabei alikuja kutoka Lorugum kwa ajili ya siku hiyo, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na mbuzi wawili, mmoja wa maziwa ya watoto wa Erupe, na mmoja wa gari. Alikuwa ameambiwa kwamba gari linaenda kupimwa, na kwao kitu kipya hakipelekwi mbele ya watu bila kubarikiwa, awe bi harusi, awe ngamia aliyenunuliwa mbali. Asubuhi na mapema yule mbuzi alichinjwa, tumbo likapasuliwa, yakatolewa yale majani ya ndani, mabichi, ya kijani, yenye ujiuji na moto wa uhai, na shangazi akaanza kulizunguka gari akilipaka na kulisemesha. Alipaka bamba la mbele. Alipaka magurudumu. Alipaka vile vioo vya pembeni alivyoviita masikio.

Namuria, mke wa Erupe, alicheka akasema Bwana Ochola ataketi wapi. Erupe naye alicheka. Alikuwa ametoka tu kuchomoa waya wa kuchaji ubavuni mwa gari na taa ilikuwa ya kijani, tumbo limeshiba. Simu ikalia ndani, ni Ochola anauliza amefika wapi, na shati lilikuwa bado halijapigwa pasi. Alipotoka tena shangazi ananawa mikono, na kile kifuniko kidogo cha mahali pa kuchomeka kimefungwa vizuri. Erupe akadhani amekifunga mwenyewe.

"Nenda," shangazi akamwambia. "Sasa halitaona kiu."

Tenki lilijazwa mbele ya macho ya Ochola, na mbele ya macho ya Ekuru pia, ambaye alikuwa ameegemea Probox yake akitafuna mswaki wa mti wa esekon. Ekuru alinusa hewa akauliza kama siku hizi haibridi zinaendeshwa kwa supu ya matumbo. Watu wa pampu wakacheka. Erupe akamwambia acheke akiwa bado na kazi ya kuchekea.

Mwendo wa kwenda ulikuwa kama ndoto ya yule mtu wa shati safi. Gari liliteleza kwenye lami bila sauti, likavuka laga, yale makorongo makavu ya mchanga, moja baada ya nyingine, na sindano ya petroli haikutikisika. Ochola alitaka kiyoyozi. Erupe alimweleza kwa heshima kwamba kiyoyozi kinanyonya betri ileile inayovuta magurudumu, kwa hiyo mkubwa achague, ama apoe ama afike. Ochola alifungua dirisha, upepo wa moto ukampiga usoni, akalifunga. Njiani alihadithia jinsi Probox ilivyomtikisa jana mpaka jino lake la bandia likataka kushuka. Akasema, bila kuahidi lolote, kwamba wauguzi wangefurahia viti hivi. Moyoni Erupe alianza kuwahesabu ngamia wakirudi mmoja mmoja, na akamwona hata yule jike mweupe mwenye sikio lililochanika, aliyeondoka akiangalia nyuma.

Betri iliisha pale ilipotarajiwa. Injini ikaamka kwa mguno, wakafika Kakuma kabla jua halijakaa utosini.

Biar alikuwa amefagia mbele ya duka kana kwamba anapokea askofu. Waya ulikuwa tayari. Friji ya Abang ilikuwa imezimwa na chupa zimefunikwa kwa gunia bichi. Dau alikuwa na mteja kitini, anammalizia haraka upande wa kwanza kabla mashine haijazimwa, na majirani kadhaa walikuwa wametoka kutazama gari linalokula kama watu, tena chakula chao.

"Ejok, akui," Biar alisalimia na kumwita ndugu, akichanganya Kiturkana cha mwenyeji na Kiarabu cha Juba kama kawaida yake. "Leta mdomo yake hapa karibu."

Erupe akafungua kifuniko.

Mwanzoni macho yake yalikataa. Mle ndani, ambapo asubuhi palikuwa na matundu safi ya kupokelea waya, palikuwa pamejaa kitu cha kijivu na kijani, kimekauka kwa joto la njia, kigumu kama udongo wa kichuguu. Harufu ikamfikia kabla ya akili. Na katikati, wazi kabisa, palikuwa na alama ya kidole. Kidole chembamba cha mtu mzima, kilichosukuma kwa upole mpaka mwisho, kama unavyomlambisha mwanambuzi aliyezaliwa leo ili ajue dunia ina ladha gani.

Alielewa yote hapo hapo. Shangazi alikuwa amelala kwake siku mbili, ameona gari likinyonya kwa waya kila lilipolala. Alikuwa ameona mdomo. Ungelibarikije gari miguu na masikio ukauacha mdomo, na kiu inakaa mdomoni?

Ochola alisogea, akainama, akajifuta jasho. "Ni mavi hayo?"

Biar ndiye aliyejibu, na hakuwa anacheka. Yeye naye alizaliwa kwenye zizi, upande wa pili wa mpaka.

"Si mavi, mkubwa. Bado haijafika kuwa mavi." Kisha akamgeukia Erupe, sauti imeshuka. "Akui, huyu mtu anakupenda sana."

Erupe aliitikia kwa kichwa.

Wakaanza kusafisha. Fundi cherehani alitoa sindano. Abang alileta kitambaa. Dau akaleta spiriti ya kunyolea, akimwacha mteja wake amenyolewa nusu kichwa, naye mteja akaja hivyo hivyo kutoa ushauri. Erupe alichokonoa kwa kijiti cha esekon, taratibu, akitoa vipande vidogo na kuvikusanya kwenye kiganja, kwa sababu hakuweza kuvitupa chini vikanyagwe. Nje kulionekana safi. Ndani kabisa, ambako sindano haifiki, kulikuwa na unyevu, na spiriti ilikuwa imeusukuma mbali zaidi.

Akapuliza. Akapanguza. Akachomeka waya.

Taa ya gari ikawaka nyekundu, ikapepesa, na mle dukani kitu kikalia 'paa!'. Feni zote za mtaa zikasimama. Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya wimbo. Laini nzima ilikuwa imekatika, na mtu wa mitambo, walisema, amekwenda Kalobeyei. Kwenye dashibodi kukaandikwa kwamba mfumo wa kuchaji una hitilafu, mwone fundi aliyeidhinishwa. Fundi aliyeidhinishwa wa karibu alikuwa Nairobi, na Nairobi ni mwendo wa kutwa na kucha.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Abang alianza kugawa juisi kabla haijachacha, akisema afadhali inywewe na watu kuliko jua. Yule mteja wa Dau alijigusa upande wenye nywele, akasema ataenda kanisani akiwa ameinamisha kichwa upande, watamwona mnyenyekevu. Watu wakacheka kidogo. Erupe alipewa glasi, akainywa yote bila kuionja.

Ochola alimaliza mikutano yake, akarudi, akasimama karibu na gari muda mrefu. Halafu akajitenga akapiga simu kwa wakubwa wake. Erupe alimwona akieleza kwa mkono, akisimama, akieleza tena. Alirudi akasema amejaribu. Amewaambia ni ajali, aongezewe siku nyingine. Wamemjibu kwamba jaribio ni jaribio, na kwamba gari linaloshindwa kwenda Kakuma na kurudi bila balaa ndilo hasa walilokuwa wanataka kulijua.

"Sikuwaambia ni nini," Ochola akaongeza. "Wangecheka. Nikaona si haki."

Erupe akamshukuru. Aliviweka vile vipande vya kijani kwenye karatasi, karatasi kwenye mfuko wa shati, wakaondoka.

Kuna madereva wanaokata tamaa wakakanyaga mafuta. Erupe alikata tamaa akiwa bado anaendesha kwa hesabu, jambo ambalo ni gumu zaidi. Alizima kila kitu kinachozimika. Alifunga madirisha ili upepo usishike gari, na Ochola akavumilia ndani kama mkate tanurini. Kwenye miteremko aliacha gari lijitembeze lenyewe. Lakini upepo wa jioni Turkana unatoka upande wa ziwa, unavuma usoni mwa anayeelekea Lodwar, na siku hiyo ulikuja na mchanga wake wote. Betri tupu ilikaa nyuma kama mkwe asiyeambilika. Kila kilima kidogo injini ilinguruma, na sindano ya petroli, iliyolala usingizi asubuhi, sasa ilikuwa inashuka ukiiangalia.

Baada ya laga kubwa waliona mtu kando ya barabara. Alikuwa mwanamke mzee, peke yake, na shanga zake shingoni, na mtungi wa plastiki wa manjano miguuni. Hakupunga kwa nguvu. Aliinua mkono tu, namna anavyoinua mtu anayejua kwamba gari litasimama, kwa kuwa katika barabara ile, kwenye jua lile, magari husimama. Erupe hakuwa amewahi kumpita mtu wa namna hiyo tangu ajue kushika usukani. Mguu wake ulikwishaanza kuinuka kutoka kwenye mafuta.

Kusimama ni kuua mwendo. Kuondoka tena, gari zito namna hii, ni kunywa. Na mzee, na mtungi wake, na uzito wake.

Akampita.

Kwenye kioo cha pembeni, kwenye lile sikio ambalo bado lilikuwa na mchirizi wa baraka, alimwona mwanamke akibaki na mkono juu kwa muda, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha vumbi likamfunika.

"Hukusimama," Ochola alisema.

"Sikusimama."

Erupe akaendelea kuendesha mpaka Lodwar.

Pampuni palikuwa na watu waliokuja kuona, na Ekuru mbele yao amejiandaa na mzaha. Alikuwa nao mdomoni tayari, kitu fulani kuhusu kamba ya kuvutia magari, lakini alipomwona Erupe akishuka aliumeza. Mpira uliingizwa kwenye tenki. Mafuta yakaanza kwenda. Yakaenda. Namba kwenye pampu zilizunguka zikafika zilipoishia za Probox, hazikusita hata kwa adabu, zikaendelea, na zilipoacha hapakuwa na haja ya mtu kutangaza. Haikuwa kushindwa kwa tofauti ya kikombe kimoja. Angeweza kumsimamishia gari yule mwanamke mzee, na mtungi wake, na mbuzi wake kama anao, na wala isingebadilisha kitu.

Hilo Erupe alilielewa akiwa ameshika mlango wa gari. Aliendelea kuushika.

Ochola alimpa mkono kwa mikono yake miwili. Ekuru, mshindi, alikuja akasimama kando yake akiangalia chini, akasema kama kuna siku atahitaji mtu wa kuendesha zamu, basi. Hakumalizia. Erupe akamwambia hongera, na akamaanisha, maana Ekuru naye alikuwa na watu nyumbani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika Kanamkemer. Shangazi Nabei alikuwa ameketi nje akimkamua yule mbuzi aliyebaki. Hakukimbilia habari. Alimaliza kukamua, akampa Namuria maziwa apelekee watoto, akamfungua mbuzi miguu, ndipo akaja. Alilitazama gari kwanza, kisha uso wa Erupe.

"Lilikunywa," akasema.

"Lilikunywa, Shangazi. Kazi amepewa mwingine."

Shangazi hakulia. Aliweka mkono kwenye ubavu wa gari, kama wanavyomshika ngamia mgonjwa kusikia kama bado kuna joto, akatembea nao polepole mpaka kwenye kifuniko. Alikuwa ameshajua namna ya kukifungua. Akainama. Alitazama mle ndani palipochokonolewa, palipopanguzwa, panaponuka spiriti. Alipoinuka alikuwa amekwisha kuzeeka kidogo.

"Nani ameitoa?"

Neno lilikuwa tayari, la kweli, fupi. Angemwambia: hiyo ndiyo iliyoliua. Angemtolea karatasi mfukoni. Na shangazi, aliyetoa ngamia wake bila swali la pili, angekwenda nalo neno hilo Lorugum, akae nalo mlangoni penye zizi tupu, kila siku iliyobaki.

"Ni mimi," Erupe akasema.

Shangazi alimtazama. Haikuwa hasira. Ilikuwa ile huruma ya mtu anayeona chanzo cha jambo na kujua kwamba mwenye kosa ni mtoto wake.

"Basi ndiyo maana," akasema. Akageuka kuangalia kule alikofungwa mbuzi. "Yupo huyu mmoja. Kesho tutaliomba msamaha."

Ndani, watoto walikuwa wanagombania kikombe cha maziwa. Namuria alisimama mlangoni amesikia kila kitu, na macho yake yalimfunga Erupe kama kamba.

"Mbuzi aachwe, Shangazi. Limekwisha kufa. Limekufa kwa kiu."

Hapo akaeleweka. Kufa kwa kiu ni jambo ambalo hakuna mtu Turkana anayehitaji kufafanuliwa, na mbuzi wa mwisho hachinjwi kwa ajili ya maiti. Shangazi aliketi mchangani, mgongo kwenye gurudumu, namna alivyoketi na ng'ombe wake mmoja mmoja mwaka ule mbaya. Upepo ulikuwa umetulia. Mle ubavuni taa nyekundu ilikuwa bado inapepesa, ndogo, bila sauti.

"Ngamia akifa tunakula nyama," alisema baadaye, bila kumlenga mtu. "Tunapata ngozi. Hili tutakula nini?"

Erupe alilitazama gari kutoka taa za mbele hadi taa za nyuma, kama mtu aliyeshika kisu asijue aanzie wapi kuchuna.